Mbwa Asiye na Kinywa

Hapana fani ya sinema imdaiyo mwanafunzi subira kama ile ya kuhuisha sanamu kwa picha mnato, ambamo sanamu husogezwa kadiri ya unywele, ikapigwa picha, ikasogezwa tena, hata picha hizo zipitishwapo mbele ya macho, 24 kwa kila sekunde, kitu kisicho roho kikaonekana kinatembea. Aghalabu kila mkao hupigwa picha mbili, kwa hiyo dakika moja yataka mikao 720. Na taa au meza ikitikiswa katikati ya kazi, mwendo wote huruka.

Nick Park, mzaliwa wa Preston huko Uingereza, aliianza filamu yake ya namna hii, A Grand Day Out, mwaka 1982 angali mwanafunzi wa National Film and Television School, akaikamilisha mwaka 1989, baada ya studio ya Aardman ya Bristol kumpokea mwaka 1985. Wengi hustaajabia miaka hiyo yote kwa filamu ya dakika 23. Mimi nastaajabia zaidi uso wa Gromit, mbwa wa filamu hiyo.

Katika azma ya kwanza Gromit alikuwa aseme, na mwigizaji Peter Hawkins ndiye aliyekusudiwa kumpa sauti. Lakini onyesho la mwanzo lilimweka chini ya ubao, bwana wake Wallace akiukata kwa msumeno juu ya mgongo wake, na kuufikia mdomo wa sanamu pale ilikuwa taabu. Basi Park akasogeza paji la uso peke yake, akaona kwamba mashaka, ghadhabu na stahamala vyote vimekwisha kudhihiri. Tangu hapo Gromit hakuwekewa kinywa.

Sababu yake ni ya kiufundi. Mdomo usemao hudai umbo jipya kwa kila sauti, nalo sharti liwafikiane na maneno yaliyokwisha kurekodiwa. Wallace alifanyiwa hivyo, na mdomo wake ulitanuka kwa jinsi Peter Sallis, aliyempa sauti, alivyolivuta neno la jibini. Paji la Gromit, kinyume chake, ni donge la plastisini tu: dole gumba likilikandamiza kidogo, maana yote ya uso hugeuka, na mtazamaji hujaza yaliyobaki. Alama za vidole zinazotetemeka juu ya sanamu katika filamu hiyo sizihesabu kuwa aibu, kwani zaonyesha mkono wa mtu aliyekuwa akijifunza na kutenda kwa wakati mmoja.

Ewe unayeanza fani hii, itazame filamu hiyo kwanza bila sauti, ukimfuata Gromit peke yake na kuandika kila mara paji lake linaposogea. Kisha finyanga kichwa kimoja kisicho mdomo, ukipe macho na paji, na usikitengenezee kiwiliwili kabla hakijaweza kukasirika.