Jina Lile Lile, Sheria Nyingine: Uhakiki wa Istilahi za Upangaji wa Maeneo ya Hifadhi

Mashariki ya Remera, jijini Kigali, bonde la Nyandungu lilifunguliwa mwaka 2022 kuwa bustani ya ikolojia yenye hekta zipatazo 120. Kuna vidimbwi vya maji, bustani ya mimea ya dawa na njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Kila sehemu imetengewa matumizi yake, na mgeni huyatambua kwa macho. Anayetaka kuyaeleza matumizi hayo kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, hukabiliwa na swali gumu zaidi: achukue istilahi za nani?

Hazina iliyo karibu ni ya Tanzania, yenye hifadhi ya taifa, pori la akiba na pori tengefu. Istilahi hizi ni fupi, zinatamkika na zimezoeleka, na sifa hizo si haba. Kasoro yake ni kwamba zinataja hali ya ardhi bila kumtaja mtendaji. Neno “tengefu” halisemi nani ametenga, wala ametengwa nani. “Akiba” huashiria kitu kitakachotumika baadaye, lakini halimtaji mwenye haki ya kukitumia.

Athari ya ukimya huo inaonekana Loliondo. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, pori tengefu lilidhibiti uwindaji, huku wafugaji wakiendelea kuishi na kulisha mifugo humo. Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 ilipiga marufuku kilimo katika mapori hayo na kuzuia malisho yasiyo na kibali. Jina halikubadilika. Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 kati ya takriban 4,000 zilitangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na mwaka huohuo zikapandishwa kuwa pori la akiba. Mfugaji wa Kimaasai aliyelijua jina hilo kuwa la ardhi anayoishi alilikuta sasa likimwekea mpaka.

Inaweza kutetewa kwamba ramani huhitaji majina mafupi, na kwamba mgogoro wa ardhi hausababishwi na msamiati. Hoja hiyo ina uzito. Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kwa msingi wa matumizi mseto ya ardhi, na kauli hiyo ya wazi haikuzuia mvutano kati ya uhifadhi na ufugaji. Hata hivyo, istilahi isiyomtaja mtu humnyima hata nafasi ya kugundua kwamba masharti yamebadilika.

Kwa hiyo, kabla Kigali haijazirithi istilahi hizi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wafasiri wa mipango miji wana kazi mbili. Kwanza, kila jina la eneo liambatane na vitenzi vyenye watendaji: nani anaishi, nani analisha, nani anavuna, nani anatoa kibali na nani anaweza kukifuta. Pili, haki za watumiaji zikibadilika, jina nalo libadilike. Jirani wa kinamasi huenda asiisome sheria nzima, lakini jina lililoandikwa kwenye kibao atalisoma, na hapo ndipo anapostahili kujua kwamba ardhi aliyoizoea imewekewa masharti mapya.