Kisanduku cha "Una Uhakika?" Hakimlindi Mtu

Ukianza kujifunza kutengeneza programu zenye madirisha, somo la visanduku vya ujumbe hufika mapema. Kwenye Python unaita tkinter, unaandika mstari mmoja tu, messagebox.showinfo("Taarifa", "Imehifadhiwa"), na kisanduku kinaruka kwenye skrini. Tamu kweli! Tatizo ni kwamba masomo mengi yanaishia hapo. Yanakufundisha kukiita kisanduku, hayakufundishi wakati wa kukiacha.

Hebu fikiria kinachotokea. Kisanduku hiki kinamzuia mtumiaji: mpaka abofye kitufe, hawezi kurudi kwenye dirisha alilokuwa akifanyia kazi. Mara ya kwanza atasoma. Mara ya ishirini, kidole kitabofya "Sawa" kabla macho hayajafika kwenye maneno. Usimwite mzembe, wewe ndiye uliyemzoesha.

Mazoea hayo yanaweza kuumiza. Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Chanzo kikubwa kilikuwa makosa ndani ya programu, pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwepo kwenye mashine za awali. Lakini ujumbe wa skrini nao ulichangia. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini iliandika "MALFUNCTION 54", yaani hitilafu namba 54, basi. Hitilafu ya nini? Ina hatari gani? Kimya. Kuendelea kulihitaji kubonyeza herufi P tu, na kwa kuwa mashine ile ilikuwa na kawaida ya kusimamasimama, mwendeshaji akabonyeza. Mgonjwa akapigwa mionzi mara ya pili.

Programu yako ya duka haitoi mionzi, sawa. Ila ugonjwa ni uleule: ujumbe usioeleza kitu, na kitufe chepesi cha kuupita.

Halafu kuna mtego ambao masomo mengi huuruka. messagebox.askquestion hairudishi kweli au si kweli. Inarudisha neno "yes" au "no". Ukiiweka moja kwa moja kwenye if, Python huhesabu neno lolote lisilo tupu kuwa kweli. Kwa hiyo mtu anabofya "Hapana", na data yake inafutwa vilevile! Tumia askyesno, ambayo hurudisha True au False.

Basi ufanyeje? Habari njema haihitaji kisanduku: andika "Imehifadhiwa" chini ya dirisha, inatosha. Ujumbe wa hitilafu useme kilichotokea na hatua ya kuchukua: "Faili halijahifadhiwa kwa sababu diski imejaa. Chagua sehemu nyingine." Na badala ya kuuliza "Una uhakika?" kila mtu anapofuta kitu, mpe kitufe cha Tendua. Watu hugundua kosa baada ya kubofya, mara chache kabla.

Kisanduku kitunze kwa yale yasiyoweza kurudishwa. Hapo kitaje kabisa kinachofutwa, na uweke default="no", ili anayegonga Enter kwa mazoea asipoteze kazi ya mwezi mzima.