Tundu Lisilo na Tundu

Kiswahili kina neno moja kwa nyumba ya mnyama na kwa upenyo anaotorokea: tundu. Sikuwahi kulitafakari hilo mpaka niliposhinda kibandani kwa seremala, nikimtazama akiwaundia wanangu tundu la panya weupe watatu.

Kabla ya kugusa msumeno alichomoa kalamu ya risasi sikioni, akaipenyeza kwenye wavu niliokuja nao. Ikapita. "Huu ni wa kuku, mama. Inapopita kalamu, panya naye anapita." Ndivyo ilivyo: kichwa cha panya kikishapenya, mwili hufuata. Akanirudisha dukani nikatafute wavu wa robo inchi, matundu ya milimita 6, uliochomelewa kila nyaya zinapokutana.

Aliposikia panya wenyewe ni wa kufugwa, alicheka. Nikamwambia Waingereza wana chama cha wafugaji wa panya tangu 1895, na kwamba matundu yao ya maonyesho, yanayoitwa kwa jina la Walter Maxey, hupakwa kijani nje na nyekundu ndani. Kicheko kikakatika. Akataka kujua pembe zake zinaungwaje.

Pembe ndizo zilizomshughulisha mchana wote. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo kuguguna kwake hakuna mwisho. Lakini ubao laini na bapa humshinda. Jino hutaka ukingo wa kuanzia. Wengi hupigilia wavu nje ya fremu kwa kuwa ni rahisi, wakamwachia panya kingo zote za mbao. Huyu aliufunga kwa ndani. Kwenye pembe aliukunja badala ya kuukata, ncha za waya akazigeuzia nje, akazipiga tupa moja moja. Halafu akafumba macho, akapitisha kidole taratibu kwenye mshono wote, kutoka pembe hadi pembe. Mahali pawili kidole kilisimama. Mara zote mbili alirudi kwenye tupa bila kusema neno.

Mlango aliufanya mpana kuliko nafasi yake, ukaja kulalia fremu pande zote, akaupa makomeo mawili, juu na chini. Komeo moja la katikati, alisema, huacha pembe za mlango zipanuke zikisukumwa. Kalamu ikauzunguka tena. Haikupata pa kuingia.

Chini aliweka trei ya bati yenye kina cha sentimita 10, ya kujazwa maranda ya mbao zisizo na harufu kali. Pande mbili aliziacha wavu mtupu ili hewa ipite, maana mkojo wa panya hutoa amonia, nayo huwaumiza mapafu.

Nilidhani kazi imekwisha. Akaomba makopo manne, akayajaza maji, akasimamisha kila mguu wa tundu ndani ya kopo, kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la chakula. "Wa ndani hawatoki. Sasa siafu nao wasiingie."

Nawe unayetaka kuwafugia watoto panya, usianze kwa kununua panya. Anza na wavu wa robo inchi na kalamu ya risasi, kisha umlipe fundi wako ujira wa siku nzima.