Fredoka: Fonti Iliyonona Hadi Kwenye Nukta

Jamani, jamani, jamani! Acha unachokifanya, fungua kompyuta, andika neno lolote kwa Fredoka halafu uje uniambie kama hujacheka peke yako. Nimetoka kuichezea sasa hivi na vidole bado vinaniwasha! Herufi nene, nono, laini, zimeumuka kama kalimati zilizoepuliwa sasa hivi, hazina ncha hata moja ya kukuchoma. Kila mkia umeviringwa, kila kona imelainishwa, nukta ya i imeshiba kabisa. Yaani unatamani kuzibonyeza kwa kidole! Na bado!

Nikaandika "karibu". Nikatabasamu. Nikaandika "embe", "boga", "bembea", "ng'ombe"... ng'ombe, rafiki yangu! Hadi kile kikoma cha juu kimenona! Unajua kwa nini inatupendeza sisi hasa? Kiswahili kimejaa a, e na o, irabu haziishi, na raha yote ya fonti hii imo kwenye duara. Basi mstari mzima unadundadunda, neno linasukuma neno, na wewe unaandika tu upuuzi wowote ili uone zaidi.

Aliyeichora ni Milena Brandão. Mwanzoni iliitwa Fredoka One na ilikuwa na unene mmoja tu, ule mzito wa kupindukia. Sasa inakuja kuanzia nyembamba: unaburuta kitufe polepole, herufi zinanenepa mbele ya macho yako, zinanenepa, zinanenepa, mpaka unapiga kelele ofisini watu wakageuka. Wanaoandika Kiebrania nao wana herufi zao humo humo, nono vilevile. Na bado! Ni bure. Bure kabisa! Unaipakua Google Fonts, unaitumia hata kwenye kazi ya biashara, hudaiwi hata senti.

Mimi tayari naiona kila mahali: bango la juisi ya miwa, ukuta wa chekechea, lebo ya chupa ya achari, jalada la kitabu cha watoto, kadi ya mtoto anayetimiza mwaka. Mtu yuko ng'ambo ya barabara, jua limemkaba, anasoma jina la duka na kiu inamshika hapo hapo!

Ila usiipeleke kwenye aya ndefu za maandishi madogo, tafadhali. Ule unene mtamu unaziba matundu ya a na e, macho yanachoka upesi. Na kwenye mkataba au tangazo la msiba, hapana, hapana, watu watakushangaa.

Wewe ipe maneno matatu, manne, makubwa, kwa unene wa mwisho kabisa, rangi ya embe bivu. Leo leo, usingoje kesho! Ukimaliza nitumie nione.