Wazee Wawili Ugenini: Uhakiki wa Maisha ya Robert na Mary Moffat

Vitabu vya maisha ya wamisionari havikosekani katika maktaba za vyuo vyetu vya theolojia. Hata hivyo, mara nyingi husomwa kwa sababu moja tu: mhubiri anatafuta mfano. Mfano ukishapatikana, kitabu hurudishwa mahali pake, na mtu aliyesimuliwa ndani yake hubaki kijana milele, akiwa na Biblia mkononi na nyika mbele yake. Katika makala haya twakusudia kukisoma kitabu kimoja cha namna hiyo mpaka mwisho wake, tukitazama hasa sehemu ambayo mimbari zetu huipita kwa haraka, yaani uzee wa mume na mke waliotumika mbali na nchi ya kuzaliwa kwao.

Kitabu chenyewe ni kile cha maisha ya Robert na Mary Moffat, kilichoandikwa na mwana wao John Smith Moffat na kutolewa London mwaka 1885. Robert na Mary hawakuwa Walutheri. Walitumwa na Chama cha Misheni cha London. Lakini habari zao zatuhusu. Robert alizaliwa Ormiston, Uskoti, mwaka 1795, na Mary alizaliwa Uingereza mwaka huo huo. Walifunga ndoa Cape Town mwezi Desemba 1819, na tangu hapo hadi mwaka 1870 maisha yao, isipokuwa miaka michache waliyokaa Uingereza kuanzia 1839 hadi 1843, yalikuwa miongoni mwa Watswana, na kituo chao kikubwa kilikuwa Kuruman, katika Afrika ya Kusini ya leo. Robert alitafsiri Biblia nzima kwa Kitswana, kazi aliyoikamilisha mwaka 1857. Binti yao Mary aliolewa na David Livingstone. Binti mwingine, Elizabeth, aliolewa na Roger Price, yule ambaye mwaka 1876 alitoka pwani ya Saadani kwenda Mpwapwa kuchunguza kama magari ya ng'ombe yangeweza kupita. Kwa hiyo nyumba ya Kuruman haiko mbali na historia ya nchi yetu kama tunavyodhani.

Tuanze na sifa za kitabu, kwa maana zipo. Sifa ya kwanza iko kwenye jalada. Mwandishi ameweka jina la mama yake pamoja na jina la baba yake. Katika karne ile, mke wa mmisionari kwa kawaida alitajwa katika taarifa kama sehemu ya mizigo ya safari: mmisionari alifika, na mkewe. Mwana huyu hakukubali desturi hiyo. Tena amekijenga kitabu juu ya barua za familia, na kwa njia hiyo Mary anapata kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Msomaji anayefahamu maandishi mengine ya wakati huo ataona kwamba jambo hilo si dogo.

Sifa ya pili ni kwamba mwandishi hakuwa mtazamaji wa mbali. Yeye pia alikuwa mmisionari. Mwaka 1859 alipokwenda Inyati, katika nchi ya Wamatebele, baba yake aliyekuwa na umri wa miaka 63 alifuatana naye na kukaa huko miezi mingi, kwa kuwa mfalme Mzilikazi alimwamini mzee huyo kuliko mgeni mwingine yeyote. Mwana alijua kwa macho yake faida ya mzee katika kazi ya misheni. Mzee hakwenda Inyati kwa sababu ya nguvu za mikono yake. Alikwenda kwa sababu urafiki wa miaka 30 hauwezi kuachiwa kijana kama kanzu. Wahenga wetu husema penye wazee haliharibiki neno, na kitabu hiki, bila kuijua methali hiyo, chaithibitisha.

Lakini hapo hapo penye sifa ndipo kasoro inapoanza. Robert alipokuwa Inyati, Mary alibaki Kuruman. Naye alikuwa na umri ule ule. Safari ya mume ina milima, mito na mfalme. Kubaki kwa mke hakuna ramani. Ni tabia ya vitabu hivi kuhesabu mwendo na kusahau ukaaji. Sisi tuliofundishwa na Martin Luther kwamba kazi ya jikoni na ya kulea, ikifanywa kwa imani, ni wito mtakatifu usiopungukiwa na kazi ya askofu, tusingepaswa kuisoma habari hiyo kama wasomavyo wengine. Nyumba ya Kuruman ilipokea wasafiri, ililea watoto, iliuguza wagonjwa. Kama ukaaji huo usingekuwapo, safari zisingekuwa na mahali pa kutokea wala pa kurudia. Jalada limeahidi maisha ya watu wawili. Lakini mwendo wa hadithi, kwa sehemu kubwa, umefuata miguu ya mmoja.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kati ya mwaka 1862 na 1866 wazee hawa walipatwa na misiba mfululizo. Binti yao Mary Livingstone alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka huo huo alikufa mwana wao Robert. Mwaka 1866 mkwe wao Jean Fredoux, mmisionari Mfaransa, aliuawa na mlipuko wa baruti, akiacha mjane na watoto. Walikuwa wamepita umri ambao kwetu mtu hutazamia kuzikwa na wanawe, si kuwazika. Misiba hiyo husimuliwa kwa heshima na kwa imani. Hatuna shaka kuhusu imani hiyo. Tatizo letu ni kwamba faraja inakuja upesi mno baada ya kifo, hata msomaji hapati nafasi ya kuuliza swali ambalo Ayubu aliliuliza kwa sura nyingi.

Na swali hilo Mary mwenyewe aliweza kuliuliza. Twajua hivyo kutoka mahali pengine. Katika shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1960, imehifadhiwa barua ambayo Mary Moffat alimwandikia mkwe wake mwaka 1851, akimkemea vikali kwa kutaka kumchukua mkewe mjamzito pamoja na watoto wadogo kupita jangwani. Haikuwa barua ya mwanamke asiyeijua misheni. Ni barua ya mtu aliyeijua kuliko aliyeandikiwa. Miaka 11 baadaye binti yule alikuwa kaburini Shupanga. Mtu akiziweka barua ile na kaburi lile pamoja, anapata picha ya mama mzee ambaye hakunung'unikia wito wa Mungu, lakini alijua kutofautisha kati ya gharama anayoidai Kristo na gharama ambayo wanaume huwatwika wengine kwa jina la Kristo. Picha hiyo ni ya kweli zaidi, na, kwa maoni yetu, ya Kikristo zaidi, kuliko ile ya mama mtulivu anayekubali yote.

Hapa mafundisho yetu ya Kilutheri yatupa kipimo. Mwaka 1518 huko Heidelberg, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, akafundisha kwamba huyu wa pili huliita jambo kwa jina lake halisi. Vitabu vingi vya wamisionari vimeandikwa na wanatheolojia wa utukufu, hata pale vinapojaa machozi. Mateso humo ni ngazi, na kila kaburi hugeuzwa kuwa ushindi kabla udongo haujakauka. Theolojia ya msalaba haikatai ushindi. Hukataa kuutangaza mahali ambapo Mungu mwenyewe amenyamaza.

Kasoro ya tatu yahusu neno moja: nyumbani. Machi 1870 wazee hawa waliondoka Kuruman. Robert alihubiri kwa mara ya mwisho katika kanisa alilolijenga, na watu wakalia. Kwa lugha ya misheni, walikuwa wakirudi nyumbani. Lakini nyumbani ni wapi kwa watu waliokaa mahali miaka 50, wakazaa huko na kuzika huko? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Robert, aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kuwa mhubiri, alilipokea jembe hilo, akachimba mifereji na kupanda miti ya matunda. Aliyeshika jembe nusu karne si mgeni tena. Mary alikufa Uingereza mwezi Januari 1871, miezi michache tu baada ya kufika. Mume wake alikumbuka kwamba kwa miaka 53 alikuwa na mtu wa kumwombea. Yeye aliishi hadi 1883, akiheshimiwa na wakubwa. Mwaka 1874 alikuwapo Westminster Abbey kwenye mazishi ya Livingstone, ambaye mwili wake ulichukuliwa na Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo. Lakini twathubutu kusema kwamba ugeni wa kweli wa wazee hawa ulianza siku ile walipoambiwa kwamba wamefika nyumbani.

Na Watswana walisema nini? Tunasikia kilio chao. Maneno yao hatuyasikii. Watu waliowafundisha wageni lugha, waliosahihisha tafsiri, waliowapa wazee hawa heshima ya uzee, huonekana kupitia kalamu ya familia tu. Hatumlaumu mwana kwa kuandika alichokijua. Twawalaumu wasomaji, sisi tukiwa miongoni mwao, ambao kwa zaidi ya miaka 100 tumesoma bila kuona kwamba upande mmoja wa mazungumzo haupo.

Linganisha habari hii na ya Walutheri wawili, Martti Rautanen na mkewe Frieda, katika Ondonga, kaskazini mwa Namibia. Martti alifika Uambo mwaka 1870, mwaka ule ule Moffat alipoondoka Kuruman. Wenyeji walimwita Nakambale, kwa sababu kofia yake ilifanana na kikapu. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kindonga, likatoka mwaka 1903. Alipostaafu hakurudi Ulaya. Alibaki Olukonda, na huko alikufa mwaka 1926. Na Frieda? Alizaliwa katika nchi hiyo hiyo, binti wa mmisionari Kleinschmidt, na mama wa mama yake alikuwa Zara, mwanamke wa Kinama. Kwa ndoa hii, basi, usemi kwamba wawili walitumika mbali na kwao ni nusu ya ukweli. Mmoja alikuwa mbali. Mwenzake alikuwa katika nchi ya bibi yake. Mwandishi anayesema "wamisionari hawa kutoka Ulaya" amekwisha kumfuta mke kabla ya kufika sentensi ya pili.

Kwa nini tunasumbuka na mambo haya? Kwa sababu bado yapo kati yetu. Wako mume na mke waliostaafu ng'ambo ambao huja kufundisha katika shule zetu au kutumika katika hospitali zetu. Na kanisa letu nalo limetuma watumishi wake kwenda nchi jirani. Siku moja mmoja wenu, ninyi wanafunzi, ataombwa kuandika habari zao kwa ajili ya jubilei. Tunamwomba mwandishi huyo asianze kwa kuuliza walijenga nini. Aulize mke alifanya kazi gani na nani aliitambua. Aulize ni nani walioachwa kwao, watoto au wazazi, na waliishije. Aulize wenyeji waliwapa nini, kwa maana mzee ugenini hupokea zaidi ya anavyotoa. Na aulize walitaka kuzikwa wapi. Swali hilo la mwisho ni la kiafrika, lakini ni la Biblia pia.

Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, pamoja na Sara mkewe. Twahubiri sana juu ya kuondoka huko. Kwa nadra twahubiri juu ya sura ya 23 ya Mwanzo, ambapo Sara amekufa, na mzee yule anasimama mbele ya wana wa Hethi, akikiri kwamba yeye ni mgeni kwao, akiomba mahali pa kumzika. Alikuwa ameahidiwa nchi nzima. Kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa shamba la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400, nalo lilikuwa kaburi la mkewe. Biblia haikuharakisha kumfariji; imetuandikia bei, jina la muuzaji, na miti iliyokuwamo shambani. Mwana wa Moffat aliwapenda wazazi wake, na kitabu chake chastahili kusomwa. Lakini aliyeandika sura ile ya Mwanzo ndiye mwalimu bora wa kuandika juu ya wazee wawili ugenini.