Mrashi usio na mhuri

Mtu wa Miteja akirithi mrashi wa fedha kutoka kwa bibi yake, akaupeleka mjini, jambo la kwanza kutafutwa ni mhuri. Kwa kijiko cha Uingereza ni sawa: simba anayetembea aliyegongwa kwenye mpini ni ushahidi wa fedha sehemu 925 katika 1,000. Mrashi uliofuliwa na sonara wa mwambao au wa Oman mara nyingi hauna chochote cha kusoma, na hapo ndipo vitu vizuri vinapouzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Tuanze na madini yenyewe. Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na reale ya Maria Theresa ilikuwa fedha ya biashara pande zote za bahari hii. Imeandikwa 1780 hata ile iliyopigwa miongo mingi baadaye. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 tu. Iliyobaki karibu yote ni shaba. Masonara waliziyeyusha reale hizo wakafulia vyombo na mapambo. Basi mrashi ukipimwa ukaonekana chini ya 925, asikubali mtu kuambiwa ni bandia.

Asikubali pia kukwanguliwa wala kutiwa tone la tindikali. Maji yanatosha. Vua kofia, upime mrashi ukiwa mkavu. Kisha uuzamishe ujae maji pasibaki povu la hewa, uning'inize kwa uzi kwenye mzani ukiwa umo majini. Wa gramu 204 uliotokana na reale utapungua takriban gramu 20. Wa shaba ya njano, takriban 24. Aliyepaka fedha juu ya shaba hujulikana hapo. Kitako kikiwa kimejazwa lami, kipimo hiki hakifai.

Kazi ya mkono nayo huonekana kwenye viungo. Shingo ndefu ni bati la fedha lililokunjwa likalehemiwa. Uzungushe taratibu mwangani, utaona mstari mwembamba wa lehemu ukipanda mpaka juu. Tumbo lenye nakshi zilizosukumwa kutoka ndani mara nyingi lilifuliwa kwa vipande viwili kabla ya kuunganishwa, maana nyundo haipiti shingoni. Tazama maua yake: ya mkono hayalingani kabisa, ya mashine yanajirudia na dosari ileile.

Mimi napenda zaidi kofia yenye matundu. Katika kazi za zamani, skrubu haikuchongwa. Sonara alizungusha waya wa fedha shingoni akaulehemu, na mwingine ndani ya kofia. Ndiyo maana kofia ya mrashi mmoja haiingii kwenye mwingine, hata ikiwa yote miwili imetoka mkono mmoja. Kofia inayoyumba huenda si yake.

Weusi juu ya mrashi ni kutu ya fedha, na ule uliolala ndani ya nakshi ndio unaozifanya zionekane. Kitambaa laini kinatosha kwa maulidi au harusi. Mchanga, majivu na stilwaya hula kwanza ncha za maua, na sonara hawezi kuzirudisha.