ULIMI, LIJAMU NA MOTO: UHAKIKI WA SURA YA TATU YA WARAKA WA YAKOBO

Utangulizi

Nguvu ya usemi si mada ngeni kwa mwalimu wa Kiswahili. Huifunza katika methali, huikuta katika ushairi na huisahihisha mara kwa mara katika insha. Hata hivyo, ipo matini moja fupi ambayo wanafunzi wetu wengi huisikia kanisani lakini ambayo hatuna mazoea ya kuihakiki darasani kama kazi ya fasihi. Matini hiyo ni sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya. Ina mistari 18 pekee, lakini imesheheni tamathali kiasi kwamba mtahiniwa anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi angeweza kuitumia kujipima.

Makala haya yananuia kuihakiki sura hiyo kwa vigezo tunavyotumia kuhakiki shairi au hadithi fupi: mpangilio wa hoja, matumizi ya lugha na uhusiano wa fani na maudhui. Mwandishi wa makala haya anashikilia kuwa sura hii, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa onyo kwa wasengenyaji, kwa hakika inaanza na walimu. Taswira zake hazieleweki vyema mpaka msomaji aukumbuke mstari wake wa kwanza.

Muktadha wa matini

Waraka wa Yakobo una sura tano. Uliandikwa kwa Kigiriki na kuelekezwa kwa makabila kumi na mawili yaliyotawanyika ugenini. Mapokeo ya kanisa yanamtaja mwandishi kuwa Yakobo ndugu yake Yesu, aliyeliongoza kanisa la Yerusalemu, ingawa baadhi ya wataalamu wa Biblia wanalitilia shaka jambo hilo. Kwa umbo ni barua, lakini kwa mtindo ni mawaidha. Amri ni nyingi, sentensi ni fupi na mifano inatoka katika maisha ya kila siku. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatauona mtindo huu kuwa mgeni. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi mwaka wa 1858, naye alitoa mawaidha, na suala la adabu ya ulimi halikukosa humo.

Aidha, inafaa kuzingatia lugha ya tafsiri. Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo ndiyo iliyoenea sana makanisani, ilikusudiwa kuunganisha mapokeo mawili ya awali: yale ya Kiunguja yaliyoanzishwa na Edward Steere na yale ya Kimvita yaliyotokana na kazi ya William Taylor. Ndiyo maana maneno ya pwani kama vile lijamu, merikebu na usukani yamo katika sura hii. Yote matatu yana asili ya Kiarabu na yalikuwa yamezoeleka kwa Waswahili kabla ya tafsiri hiyo. Mwalimu wa bara atalazimika kueleza kuwa lijamu ni chuma kitiwacho kinywani mwa farasi, nazo hatamu ni kamba zinazofungwa kwenye chuma hicho. Usukani hauhitaji maelezo mengi. Mwanafunzi aliyewahi kupanda matatu anajua kwamba abiria kumi na wanne hufuata kule mikono ya dereva inakouzungushia usukani.

Mpangilio wa hoja

Sura inafunguliwa kwa ushauri ambao wahubiri wengi huupita haraka: wengi wasikimbilie kuwa walimu, kwa maana walimu watahukumiwa kwa ukali zaidi. Papo hapo mwandishi anakiri kwamba sote hujikwaa, na kwamba asiyejikwaa katika kusema ni mtu aliyekamilika. Tazama kwamba anajijumuisha. Hatumii nafsi ya pili kuwashutumu wengine. Anatumia nafsi ya kwanza wingi. Mtahini angeuita huu msimamo wa nafsineni: anayeonya ni mmoja wa wanaoonywa.

Baada ya hapo hoja inapanda kwa ngazi nne. Kwanza, vitu vidogo huendesha vikubwa. Pili, kitu kidogo huteketeza kikubwa. Tatu, binadamu amewafuga wanyama wa kila aina lakini ameshindwa kuufuga ulimi. Nne, kinywa kile kile humbariki Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Sura inafungwa kwa kutofautisha hekima ya aina mbili: ile ya wivu na ugomvi, na ile itokayo juu, ambayo ni ya amani. Hekima ya kweli, kwa mujibu wa mwandishi, huonyeshwa kwa mwenendo mwema. Hivyo basi, sura iliyoanza na walimu inaishia kwa kuuliza ni nani mwenye hekima. Mwanzo na mwisho vinashikana.

Matumizi ya lugha

(a) Taswira na istiari. Taswira tatu za mwanzo, yaani lijamu, usukani na moto, mara nyingi huorodheshwa pamoja kana kwamba zinasema jambo moja. Huu ni usomaji wa juujuu. Lijamu na usukani si vitu vibaya. Farasi asiye na lijamu hana faida kwa mpandaji, na merikebu isiyo na usukani hupotea baharini. Katika taswira hizi mbili yuko anayeshika: mpandaji na nahodha. Katika taswira ya moto hakuna anayeshika. Cheche ikishaangukia msitu, aliyeiwasha hana tena mamlaka juu yake. Yakobo anatuhamisha kutoka kwa nguvu inayoongozwa hadi kwa nguvu iliyomponyoka mwenyewe, na badiliko hilo linafanyika ghafla ili msomaji ashtuke.

(b) Kinaya. Binadamu ana uwezo wa kumgeuza farasi, kuielekeza merikebu penye upepo mkali na kuwafuga wanyama, ndege na viumbe wa baharini. Kiungo kidogo kilichomo kinywani mwake mwenyewe ndicho kinachomshinda. Kadiri orodha ya ushindi wake inavyorefushwa, ndivyo kushindwa kwake kunavyozidi kuonekana.

(c) Maswali ya balagha. Je, chemchemi moja hutoa maji matamu na machungu? Je, mtini huzaa zeituni? Maswali haya hayatarajii jibu. Lengo lake ni kuonyesha kwamba maumbile hayajipingi ilhali mtu hujipinga. Muumini anayetoka kuimba kanisani na kumtukana jirani langoni anafanya jambo ambalo hata mti haufanyi.

(d) Tashihisi. Ulimi unapewa sifa ya kujivuna, kana kwamba ni mtu ndani ya mtu. Mbinu hii inarudi katika sura ya tano, ambapo ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele. Hapa kuna funzo la ziada: vinywa vya wanyonge vikizibwa, dhuluma yenyewe hupata sauti.

Yakobo na methali zetu

Tafsiri ya Kiswahili imetumia kitenzi kujikwaa pale Yakobo anapozungumzia makosa ya usemi. Mara moja tunakumbuka methali: Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Picha ni ile ile, na inaingia katika sikio la Mswahili bila kubisha hodi.

Hata hivyo, methali zetu hazina kauli moja juu ya suala hili. Kuna zinazopuuza uzito wa maneno: Maneno makali hayavunji mfupa. Kuna zinazouhofia: Ulimi unauma kuliko meno. Kuna zinazousifu: Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mtahiniwa asiogope ukinzani huu. Methali hutegemea muktadha, na mwenye hekima ni yule anayejua ni lini atumie ipi.

Tofauti kubwa iko kwingine. Methali zetu nyingi za tahadhari humwonya msemaji kuhusu madhara yatakayompata yeye mwenyewe. Mdomo huponza kichwa, nacho kichwa kinachoponzwa ni cha mwenye mdomo. Yakobo anatazama upande wa pili. Anayemshughulisha ni yule anayelaaniwa, kwa sababu ana sura ya Muumba wake. Kumtukana mtu, kwa mtazamo huu, ni kumgusa aliyemuumba. Aidha, moto anaoutaja hauishii kwa aliyeuwasha. Unateketeza msitu mzima. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa hilo kwa urefu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo inayafanya matamshi ya chuki kuwa kosa la jinai. Taifa lililazimika kuandika katika sheria yale ambayo waumini wake walikuwa wakiyasoma makanisani.

Upungufu wa sura

Mhakiki hana budi kutaja pia udhaifu wa kazi anayoihakiki. Msomaji makini atauliza: ikiwa ulimi hauwezi kufugwa na mwanadamu yeyote, kwa nini kutuonya? Na ikiwa ni kama usukani, mbona hauongozeki? Zaidi ya hayo, sura hii inasema mengi juu ya madhara ya ulimi na machache mno juu ya manufaa yake. Anayeisoma peke yake anaweza kuhitimisha kwamba uchaji ni kunyamaza tu.

Jawabu linapatikana tukiusoma waraka mzima. Katika sura ya kwanza mwandishi ameshatoa kidokezo: mtu awe mwepesi wa kusikia na mzito wa kusema, na dini ya asiyeuzuia ulimi wake haina maana. Katika sura ya pili anamkejeli anayemwambia ndugu mwenye njaa na asiye na nguo aende kwa amani, apate joto na kushiba, bila kumpa chochote. Maneno hayo ni matamu, lakini ni matupu. Kumbe ulimi hudhuru hata unapobariki. Katika sura ya tano kinywa kinapewa kazi: kuomba, kuimba, kuungama makosa, kuombeana, na kumrejesha aliyepotea njia. Dawa ya ulimi mbaya basi si kimya, bali ni usemi mwingine ulio na mwenzako ndani yake. Kwa hiyo, mwalimu anayefunza sura ya tatu bila sura ya tano amefunza nusu ya matini.

Mwalimu mbele ya matini

Turejee mstari wa kwanza. Kwa nini waonywe walimu wala si wafanyabiashara au askari? Kwa sababu chombo cha kazi cha mwalimu ni ulimi. Baadhi ya wafasiri wanauona mwili unaotajwa katika sura hii kuwa ni kusanyiko la waumini, na ulimi kuwa ni mwalimu wao. Tukiukubali usomaji huo, lijamu na usukani zinapata maana kamili. Mwalimu ni mmoja, wanaomsikiliza ni wengi, nao huelekea anakowaelekeza. Kwa njia hii tunaweza pia kuelewa kwa nini usukani unafuatwa na moto: kiongozi yule yule anaweza kuwa nahodha au kuwa cheche.

Mwandishi wa makala haya ana ushahidi wake. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya methali Maneno makali hayavunji mfupa. Msichana mmoja alisimulia kisa cha mwanafunzi aliyekoma kuandika baada ya mwalimu kuisoma insha yake mbele ya darasa huku akiicheka. Nilimpa alama za chini kwa kuwa kisa kiliipinga methali badala ya kuithibitisha, nikaandika kwa wino mwekundu: Umepotoka. Ni nilipokuwa nikijumlisha alama ndipo nilipokumbuka insha yake ya muhula uliotangulia, na kicheko cha darasa, na sauti iliyokuwa ikisoma. Mwalimu wa kisa kile alikuwa mimi.

Alama sikuzibadilisha, kwa maana kwa mujibu wa swali alikuwa amepotoka kweli. Lakini nilimwomba radhi, na nilifanya hivyo mbele ya darasa, kwa kuwa hapo ndipo nilipojikwaa. Tangu siku hiyo siwezi kuufunza mstari wa kwanza wa Yakobo kana kwamba unamhusu mtu mwingine.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo ni matini yenye ufundi: taswira zake zinapanda kutoka kwa nguvu inayoongozwa hadi kwa nguvu inayoteketeza, na kinaya chake kinamfunua binadamu anayetawala kila kitu isipokuwa kinywa chake. Yameonyesha pia kwamba sura hiyo huenda mbali zaidi ya methali zetu za tahadhari kwa kumweka mbele anayeumizwa, na kwamba inahitaji kusomwa pamoja na sura nyingine ili upande wa kheri wa usemi uonekane. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuandika neno pambizoni mwa insha, kumbuka kwamba aliyeiandika atalisoma.

Maswali ya marudio

1. "Taswira za lijamu, usukani na moto hazisemi jambo moja." Jadili. (alama 10)
2. Eleza jinsi kinaya na maswali ya balagha yanavyoendeleza maudhui katika sura hii. (alama 8)
3. Linganisha mtazamo wa Yakobo juu ya ulimi na mtazamo wa methali zozote nne za Kiswahili. (alama 12)
4. Andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali: Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. (alama 20)